Bomba halina pa kutokea: uzoefu wangu na mafundi wa mifereji ya uwanja, Tabora

Nimengoja hasira ipoe kabla ya kuandika, haijapoa. Mimi ni katibu wa kamati ya uwanja wa mpira mtaani kwetu, hapa Tabora mjini. Pesa ya mifereji ilichangwa na wazazi, wenye maduka, mama lishe na vijana wa bodaboda. Ndio hao niliokuwa nikikutana nao kila asubuhi wakiniuliza mbona uwanja bado umejaa maji.

Mafundi walikuja kiangazi, ardhi imekauka, hakuna anayekumbuka dimbwi. Bosi wao akatuambia ameshatengeneza viwanja vya gofu huko pwani, na sisi atatupa kiwango hichohicho. Akachora kokoto chini, bomba zenye matundu ndani yake, mchanga juu. Mchoro ulikuwa mzuri, sikatai. Na kwenye gofu, ile sehemu yenye shimo hujengwa hivyo kweli: kwa utaratibu ambao chama cha gofu cha Marekani kilianza kuutoa 1960, ni mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi juu ya kokoto za sentimita 10. Sisi tulimwagiwa mchanga wa vidole vitatu juu ya mbuga.

Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa mbuga. Udongo mweusi ule, kiangazi hupasuka nyufa, mvua zikishika huvimba, nyufa zikajifunga na maji yasiende chini tena. Ndiyo maana majaruba ya mpunga yako huko mabondeni. Ukimwaga mchanga juu yake bila kuyapa maji njia, yatazama upesi mpaka kwenye mbuga, yagome hapo, kisha yapande tena. Upande wa juu wa uwanja wetu ni luseni, yaani udongo wa kichanga, hauna shida. Shida yote iko goli la chini.

Sasa niseme kilichoniudhi. Tuna mzee anayetunza uwanja ule tangu mimi sijaanza shule. Anajua maji yanaingilia wapi na yanalala wapi. Siku wanafukia mtaro mkuu alisimama kando, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili bomba linatokea wapi?" Basi, swali lake ni hilo tu. Yule bosi hakugeuka hata kumtazama. "Mzee, wewe kafyeke nyasi. Kazi ya kitaalamu tuachie wenyewe." Mbele ya vijana wa timu! Sisi hapa mtu mzima unamwamkia kwanza, ndipo mnazungumza, na hata akikosea humjibu hivyo. Na hakuwa amekosea.

Mvua za huku huanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Zile za kwanza uwanja ulizimeza, nasi tukafurahi. Kumbe ni nyufa tu zilikuwa hazijafunga. Mbuga ilipovimba, goli la chini likawa jaruba, kipa anasimama maji yakimfika vifundoni. Nikampigia bosi, akasema mvua za safari hii zimezidi. Tukachimba wenyewe. Bomba lilikuwa limeishia ndani ya udongo, mdomo umefungwa kwa mfuko wa nailoni, hatua chache tu kabla ya mtaro wa barabarani. Maji yote yalikusanywa vizuri yakapelekwa mahali pasipo na mlango. Mzee aliuliza hilohilo!

Nitende haki kidogo. Kuna fundi wao mmoja kijana, alisikia habari akaja mwenyewe kwa bodaboda. Akamwamkia mzee shikamoo, akachukua sururu, wakaonyeshana, akalitoa bomba mpaka mtaroni. Maji ya kahawia yalitoka jioni nzima na asubuhi goli lilikuwa linakanyagika. Mteremko aliolaza yule kijana ulikuwa safi, tuliupima kwa mpira wa maji. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba waiteni, ila simameni kwenye mdomo wa bomba mpaka muuone kwa macho.

Lakini hapana. Walichukua pia pesa ya matunzo ya mwaka mzima. Kabla ya mvua wazibue mitaro na visanduku vya kukusanyia mchanga. Katikati ya msimu watoboetoboe udongo uliokanyagwa golini, siku ukiwa na unyevu kiasi, maana ukiwa tope unauharibu zaidi. Mvua zikikatika wajaze mabonde na kupanda ukoka palipokwanguka. Hakuna aliyekuja, na simu ya bosi inaita mpaka inakatika. Majani na kokwa za maembe kwenye mitaro anazoa mzee yuleyule, kwa mikono yake, bila kulipwa senti ya mkataba huo.

Kijana nitamwita tena, hata kesho, kwa kazi yake mwenyewe. Hiyo kampuni siipendekezi kwa mtu yeyote. Pesa ya matunzo irudi kwenye kamati, na bosi aje uwanjani amwombe mzee radhi mbele ya vijana walewale.