Vishikio vya kabati la jikoni: rangi zipi zinadumu, zipi zinakuchosha

Ukimwachia fundi seremala akuchagulie vishikio vya kabati, mara nyingi atarudi na vile vinavyong'aa kuliko vyote dukani, maana ndivyo vinavyopendeza siku ya kukabidhi kazi. Baada ya hapo anayebaki navyo ni wewe. Jikoni kwetu Uganda kuna mvuke wa matooke yanayoiva taratibu, sigiri inafuka mlango wa nyuma, kiangazi kinaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya droo, na mkono unaofungua kabati mara nyingi una mafuta au unga. Kwa hiyo naanza kupanga kwa kuuliza kishikio kinavumilia vipi mkono mchafu na kitambaa cha kufutia. Uzuri unafuata.

Ushauri mwingi wa Mombasa na Dar es Salaam unapigana na chumvi ya bahari. Sisi hilo halituhusu. Ziwa Victoria ni maji baridi, na hata nyumba iliyo ukingoni Entebbe inasumbuliwa na unyevu, si chumvi. Hivyo tuna nafasi pana zaidi ya kuchagua.

Nafasi ya kwanza naipa stenlesi iliyosuguliwa, ile yenye mistari myembamba, isiyong'aa kama kioo. Rangi yake haikuchovywa. Ni chuma chenyewe. Kikikwaruzwa, chini yake kuna chuma kilekile, na alama za vidole zinapotea ndani ya mistari. Futa kwa maji ya sabuni ukifuata mistari, kisha kausha. Uliza kama ni daraja la 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Ya 201 ina nikeli kidogo na manganizi zaidi, nayo huwahi kushika kutu penye maji. Kwa macho hazitofautiani, na sumaku pia haisaidii kwa sababu kwa kawaida haizishiki zote mbili. Kwa kabati la chini ya sinki ningesisitiza 304. Kwa makabati ya juu 201 inatosha. Dawa za kusafishia zenye klorini ziweke mbali nazo, maana zinakula hata stenlesi nzuri.

Inayofuata ni nikeli iliyosuguliwa. Ina ujotojoto wa rangi ambao stenlesi haina, na kwenye mbao za mvule inakaa vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichoona. Matone ya maji hayaonekani sana. Udhaifu wake ni kwamba imechovywa, mara nyingi juu ya aloi ya zinki, na huanza kulika upande wa ndani, pale vidole vinapojikunja.

Ya tatu ni shaba ya manjano halisi. Kwa uzuri ningeiweka juu ya zote. Ni nzito mkononi, na ikiachwa bila vanishi inageuka kahawia taratibu. Ukiupenda ukahawia huo, huna kazi ya kufanya. Ukitaka ing'ae, itabidi uisugue kwa ndimu na chumvi, uioshe vizuri na kuikausha, tena mara kwa mara. Ndiyo maana nimeishusha.

Kromu ni ngumu na inafutika kirahisi, ila kila kidole na kila tone la maji linaonekana. Iweke bafuni.

Nyeusi isiyong'aa inapendeza sana kwenye kabati jeupe, na naelewa kwa nini vijana wanaoanza nyumba wanaitaka. Lakini unga wa posho (wa mahindi) unaonekana juu yake kama chokaa, mafuta yanaacha mabaka, na ikigongwa na sufuria rangi inabanduka na chuma cheupe kinatokeza. Usiisugue kamwe kwa waya wa sufuria.

Mwisho kabisa ni dhahabu ya kuchovya ya bei rahisi. Isipokuwa muuzaji akuhakikishie ni PVD, mpako mgumu unaowekwa ndani ya chemba isiyo na hewa, iache.

Ukienda Kikuubo au Ndeeba jijini Kampala, muuzaji atakwambia, "Ssebo (bwana), hii ni shaba tupu." Mwombe kwa upole akuruhusu kukigeuza kishikio. Chungulia ndani ya tundu la skrubu: shaba halisi ni ya manjano hadi ndani, aloi ya zinki ni ya kijivu. Kisha weka sumaku ndogo. Ikinata, ndani ni chuma cha kawaida kilichopakwa, na kutu itatokea mpako ukikwaruzika. Pitisha pia kidole upande wa ndani. Ukikuta vipele au makali, mchovyo haukufanywa vizuri.

Pima umbali kati ya katikati ya tundu moja na katikati ya jingine kabla hujalipa. Saizi za kawaida ni milimita 96, 128 na 160, na ukibadilisha za zamani kwa saizi tofauti utalazimika kuziba matundu. Kwa mlango wa ubao wa milimita 18, skrubu ya M4 (unene wa milimita 4) yenye urefu wa milimita 25 kwa kawaida inatosha. Droo yenye mbao mbili mbele inahitaji ndefu zaidi. Nunua viwili vya ziada siku hiyohiyo, kutoka boksi lilelile, kwa sababu nikeli ya mzigo unaofuata inaweza kuja na rangi tofauti kidogo, na kwenye safu ya milango tofauti hiyo inaonekana.