Wakala wa kuhamisha wafanyakazi Lubumbashi: karatasi safi, familia pembeni

Kampuni yangu iliponitoa Dar es Salaam kuja Lubumbashi, huku Kongo, ilitulipia wakala wa kuhamisha wafanyakazi. Mkataba ulitaja karatasi za ukaazi, nyumba, shule ya watoto na mapokezi. Jina la wakala silitaji kwa sababu nina malalamiko, ila kampuni nyingi za migodi ya mkoa huu wa Haut-Katanga huwanunulia wageni wao vifurushi vya namna hii, na anayekuja nyuma yangu anastahili kujua anachonunuliwa.

Kwenye karatasi, watu hawa wanaijua kazi. Tukiwa bado Dar walitutumia orodha: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vyangu vya chuo, vyote vitafsiriwe kwa Kifaransa na kugongwa mihuri kabla ya safari, pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Foleni ya DGM, yaani uhamiaji wa Kongo, walisimama wao. Walituambia pia tuache gari nyumbani, kwa kuwa Kongo huendeshwa upande wa kulia na letu lina usukani wa Kitanzania. Na walisisitiza tubebe dola mpya zisizo na mpasuko. Hilo nililiona dogo mpaka nilipomsikia muuza duka akimwambia mteja aliye mbele yangu, "Hii hatukamate, papa," yaani hatuipokei, baba. Noti ya ishirini, imechanika pembeni kiasi cha ukucha.

Nyumba ni habari nyingine. Walituzungusha mitaa ya Golf na Bel-Air saa sita mchana, jua kali, kila kitu kinang'aa. Jenereta walilisifia sana. Kwamba dizeli yake ni juu ya mpangaji tulilisoma kwenye mkataba wenyewe. Mwenye nyumba akataka garanti, yaani amana, ya miezi sita, na kijana wa wakala akatuambia ndivyo ilivyo hapa. Sivyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba za kuishi inaweka kikomo cha miezi mitatu. Mwanasheria wa ofisini kwetu ndiye aliyelisema, na mwenye nyumba akashuka bila ugomvi. Huyu wakala analipwa kutusimamia sisi. Angalau sheria hiyo alipaswa kuwa nayo mfukoni.

Shule nayo ilitupa tabu. Tulifika Juni. Watoto wetu walianza mwaka wa masomo Januari, kama ilivyo Tanzania, na hapa mwaka huanza Septemba. Shule zikafungwa muda mfupi baada ya sisi kufika, wakakaa likizo ndefu bila rafiki hata mmoja, huku hakuna aliyejua wataingizwa darasa la ngapi. Tarehe hizo haziji ghafla. Wakala aliyehamisha familia nyingi angeishauri kampuni ituache tuje Agosti. Na mwongozo wao uliandika "nchi ya joto", basi! Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Masweta tuliyatafuta kwenye mitumba ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, vumbi jekundu likitupiga usoni.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika ni mume wangu. Yeye ni fundi umeme, aliacha kazi yake ili mimi nikubali uhamisho huu. Wakala hakuwa na nafasi yake popote. Kila fomu ilipoletwa, waliinyoosha kwake: "Papa, utie sinyature hapa." Akiwaambia mwajiriwa ni mama, wanacheka kidogo, wananigeuzia kalamu, na kesho yake wanarudia. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza neno. Visa yake ni ya kunifuata mimi. Hawezi kufanya kazi, maana kadi ya kazi ya mgeni huombwa na mwajiri, na yeye hana mwajiri. Ukweli huo alipaswa kuambiwa Dar, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Masomo ya Kifaransa ya Institut français, pale Halle de l'Étoile, tuliyatafuta wenyewe na tunayalipia wenyewe. Majirani walimsaidia kuliko wakala mzima: mzee wa nyumba ya pili alimchukua mpaka mtaa wa Katuba akamtambulisha kwa mafundi wenzake, na jioni ile alirudi ameshiba bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, anaongea kama mume wangu ninayemfahamu.

Kazi yangu mimi ilikuwa rahisi: nina dawati, nina wenzangu, nina sababu ya kuamka. Uzito wa kuhama ulimwangukia yule ambaye mkataba haukumtaja, na naona uchungu kwamba fedha nyingi zilitumika na hakuna hata saa moja iliyopangwa kwa ajili yake.

Kama kampuni yako inakupa nafasi ya kuchagua, chukua huduma ya karatasi peke yake. Hapo ningewaajiri tena. Nyumba, fikia kwanza hoteli, kisha utafute komisyonere, yaani dalali, anayejulikana na wenzako kazini, na uende kuiangalia asubuhi mapema na tena usiku, ufungue mabomba, uulize mafuta ya jenereta ni ya nani. Na kabla hujasaini uhamisho, idai ofisi yako iandike kwenye mkataba, kwa jina la mwenzi wako, nani atamlipia masomo ya Kifaransa na nani atafuatilia kadi yake ya kazi.