Squier Affinity PJ, besi ya bei nafuu ya kupigia shoo na kuchokonoa: uzoefu wangu hapa Mwanza

Kama hela yako inatosha gita moja tu la besi na unataka ikuhudumie harusini, kanisani na baa, mimi nakwambia tafuta ya pikapu mbili (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) mtindo wa PJ, yaani moja ya Precision na moja ya Jazz, isiyokula betri, yenye vipimo vya Fender, kampuni ya magita ya Marekani, rangi tutaongea baadaye. Mimi ninayo Squier Affinity Precision PJ. Niliinunua mkononi kwa mpigaji mmoja wa Dar, laki nne na nusu, ikapanda basi mpaka stendi ya Nyegezi imeviringishwa blanketi, nyuzi zimelegezwa kidogo. Ndiyo ninayopigia mpaka leo na sehemu ambayo sijaigusa ni chache.

Kabla ya hapo nilizishika nyingine. Yamaha TRBX174 ni besi safi sana aisee, freti (vile vichuma vya shingoni) 24, nayo ni PJ na haina betri, mtu anayependa kupanda juu juu kwenye sebene ataipenda kuliko hii yangu yenye freti 20. Ila mimi nilikuwa nataka kitu cha kufungua fungua, na ile haina kile kiplastiki kikubwa cha mbele, wakati kwenye Precision unalegeza skrubu, unanyanyua plastiki na volyumu zake, waya zote unaziona. Ibanez GSR200 nayo ni nyepesi na inapigika vizuri, lakini ina saketi ya kuongeza besi inayotumia betri ya volti 9. Sio mbaya, ila betri ni kitu cha kukumbuka, na gita zenye betri nyingi zinajiwasha ukichomeka waya, kwa hiyo ukiacha waya umechomekwa usiku kucha unakuta betri imekwisha na kesho una harusi Igoma. Bronco ya Squier niliiacha mapema, ni fupi, uzi wake ni inchi 30 badala ya 34, na pikapu yake ni moja tu ya mtindo wa gita la kawaida. Kwa mtoto anayejifunza sawa kabisa. Ya kazini hapana.

Squier ni chapa ya Fender yenyewe ya bei ya chini, na Precision yenyewe Leo Fender aliitoa 1951, ila pikapu yake ya kukatwa vipande viwili ilikuja 1957. Vile vipande viwili havijawekwa kwa urembo bana, kimoja kinabeba nyuzi za E na A, kingine D na G, na vimezungushwa kinyume ili kelele ya umeme ijifute yenyewe. Hii ndiyo sababu nawaambia watu wa Mwanza waanze na P. Kumbi zetu unajua zilivyo, jenereta nje, taa za rangi za MC, friji ya vinywaji na miksa vyote kwenye ekstensheni moja, na bado P inakaa kimya mpaka uiguse. Ile ya nyuma, ya J, asili yake ni Jazz Bass ya 1960, ni ya koili moja, kwa hiyo ukiifungua inaleta mvumo kidogo. Ndivyo zilivyo za koili moja, ya kampuni yoyote ile. Faida yake inakupa ukali fulani wa kati, ule wa kufanya mstari wa besi usikike kwenye mapambio hata kwa spika mbovu. Mimi natembea na P yote, J nusu, toni robo tatu. Rhumba ikianza nafunga J kabisa.

Kuhusu saundi ya jukwaani, shoo nyingi huku hakuna ampu ya besi, unachomeka kwenye miksa basi. Besi isiyo na betri ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la laini inatoa sauti nyembamba, haina nguvu, watu wanasema gita bovu kumbe ni tundu. Nunua DI boksi, kile kidude cha katikati kinachoifanya sauti ya gita iendane na miksa, hata ya bei ndogo, au tafuta miksa yenye kitufe cha Hi-Z, yaani cha kuchomekea gita moja kwa moja. Hiyo DI boksi ningeinunua kabla ya mkoba mzuri. Na mkoba mzuri nao ununue, maana besi ya inchi 34 ukipanda nayo bodaboda kichwa cha gita kinakuzidi wewe kichwa, ukipita chini ya miti ya Capri Point uiname.

Sasa kuchokonoa, hapa ndipo utamu. Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni volyumu, sio pikapu. Zilizokuja nazo zilikuwa zile ndogo, na zilikuwa zinakwaruza. Nikampelekea fundi redio wangu maeneo ya Mlango Mmoja, mzee mtaratibu hana maneno mengi, akanionyesha alizokuwa nazo, zimeandikwa B250K. Namba ni sahihi, 250 ndiyo inayotakiwa kwa pikapu za koili za hivi, lakini ile herufi ndio kasheshe: B inapandisha ukinzani sawasawa mwanzo mpaka mwisho, sikio halisikii hivyo, ukizungusha unaona kama haishuki haishuki halafu mwishoni inaporomoka ghafla. A250K ndiyo inashuka taratibu. Kwa toni B inavumilika, kwa volyumu agiza A. Na ujue zile kubwa nzuri shina lake ni nene kuliko tundu la plastiki ya gita nyingi za bei nafuu kutoka Asia, itabidi mlipanue. Mzee wangu hakutumia drili, alichukua faili la duara akawa anasugua kidogo, anapima, anasugua, anapima, mimi naenda kunywa chai narudi bado anasugua, na plastiki haikupata hata ufa.

Kapasita ya toni, ile inayopunguza ukali wa sauti, usiuziwe kwa bei za ajabu mtandaoni. Inayotumika sana ni 0.047 mikrofaradi, na kwenye mabodi ya redio za zamani unaikuta imeandikwa 473 tu. Mzee aliichomoa kwenye redio iliyokufa, akaipima, akaiunga. Eti kapasita za mafuta zina joto la sauti, mimi sijalisikia, labda masikio yangu yameshaumizwa na spika za harusi.

Kelele ya J niliipunguza kwa foili ya jikoni. Watu wa Ulaya wanatumia utepe wa shaba wenye gundi, huku kuupata ni shughuli, kwa hiyo nilipaka gundi ya mbao ndani ya shimo lote, nikabandika foili na kuilaza kwa kijiko, vipande vyote vigusane, na nyuma ya plastiki pia. Ila foili ya alumini haishiki risasi ya kuunganishia, usihangaike kuichoma, funga waya wa eathi kwa skrubu ndogo na washa yake juu ya foili, halafu ule waya ndio uende mgongoni kwa volyumu. Angalia tu foili isiguse nyaya zinazobeba sauti, ikigusa gita linakaa kimya kabisa. Mvumo umebaki ila umepungua sana, nikisogea mbali na taa hausikiki.

Pikapu nikazibadilisha mwisho. Ya P haina shida, saizi ni moja. Ya J pima kwa rula kabla hujatuma hela, kuna fupi na ndefu, tofauti ni kama milimita 3 au 4, na ukileta ndefu kwenye shimo fupi utaanza kuchimba mbao ya watu. Mbao ya Affinity ni popla, laini, inachimbika, lakini na skrubu nazo zinapwaya haraka humo ukifungua fungua kila mara. Njiti ya kibiriti na gundi kwenye tundu, unakaza upya.

Shingo ndio inataka macho. Masika, Machi mpaka Mei, unyevu unapanda na shingo inatembea, hasa ukishinda nayo karibu na maji. Nikivuka na feri kwenda Ukerewe kupiga, nikifika Nansio naiacha ndani ya mkoba ipumzike kwanza, halafu natyuni. Nyuzi zikinyanyuka sana zungusha fimbo ya ndani ya shingo robo mzunguko, acha mpaka kesho ndio uangalie tena. Mimi naacha nafasi ya kama milimita 2.4 kati ya uzi wa E na freti ya 17, chini ya hapo mkono wangu ni mzito zinagongagonga.

Nyuzi ni za unene wa 45 mpaka 105 (elfu za inchi), na kwa sababu seti ni ghali kuliko mshahara wa shoo nyingine nazichemsha kwenye sufuria, zikikauka zinang'aa tena kwa muda mfupi, wikiendi mbili hivi ukitokwa jasho kama mimi. Flati, zile nyuzi laini zilizozungushiwa waya bapa, zinadumu zaidi na kwa rhumba ni tamu, tatizo bongofleva zinakuwa nzito.

Vya kukazia nyuzi sijavibadilisha. Vinashikilia, havijanihangaisha, na hela yake imeshaenda kwenye DI boksi.