Kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari, Dar es Salaam: unafaa?

Kwa gari la biashara linalozunguka kutwa nzima, unafaa sana. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kilo 1 ya gesi hutoa kama 2.7, lakini inafanya kazi ya karibu lita 1.4 za petroli, kwa hiyo moshi wa ukaa unapungua kwa takribani asilimia 15 hadi 20.

Mtungi wa lita 60, ukijazwa kwa presha ya baa 200, unabeba kama kilo 10. Buti linaliwa, na nguvu ya injini inashuka kidogo mlimani.

Kabla ya kufunga, badilisha plagi na kagua koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche). Gesi inahitaji cheche kali zaidi, na plagi chovu ndiyo chanzo cha kawaida cha gari kukatakata. Dai cheti cha mtungi. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote: metheni, yaani sehemu kubwa ya gesi asilia, ikivuja hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko hewa ya ukaa kwa miaka 100, hivyo uvujaji mdogo unafuta faida yote.

Foleni za kujaza bado ni kero.