Pistoni ya chuma au ya alumini? Uchambuzi wa pistoni na ringi za Ford Model T

Habari zenu mafundi wenzangu na wapenzi wa magari ya zamani. Hapa mezani nina pistoni mbili, zile zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, za Ford Model T, gari lililoanza kutengenezwa 1908 na kukoma 1927, baada ya kutoka zaidi ya milioni 15. Hii nyeusi ni ya chuma, kama zilivyotoka kiwandani. Hii nyeupe ni ya alumini, inauzwa leo kwa wanaofufua magari hayo. Ufunge ipi?

Naishika ya chuma. Tazama mkono unavyoshuka! Kipenyo chake ni milimita 95, na safari yake ndani ya silinda ni milimita 102. Silinda nne, lita 2.9, nguvu ya farasi 20 kwenye mizunguko kama 1,600 kwa dakika. Utasema injini hiyo inatembea polepole. Lakini kila mzunguko pistoni inasimama mara mbili na kurudi ilikotoka. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huo, kila kilo moja ya pistoni ikifika juu inaivuta konrodi, fimbo inayoiunganisha na kranki, kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 140. Mzigo wote unaishia kwenye kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kranki ya Model T ni nyembamba, imelala kwenye beringi tatu tu za babiti, metali laini. Kukatika kwake kunajulikana.

Basi kwa nini walitumia chuma? Kwa sababu silinda nayo ni chuma, vikipata joto vinatanuka pamoja. Pistoni ya milimita 95 ikipanda nyuzi 150, ya chuma inatanuka kama milimita 0.15, ya alumini zaidi ya 0.3. Ukiibana alumini, injini itanoki, yaani pistoni itakwama silindani. Ukiilegeza, inagonga kila asubuhi hadi ipate moto. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Aliyethubutu mapema ni W. O. Bentley, Mwingereza aliyekuja kuanzisha magari ya Bentley. Mwaka 1913, akiwa kiwandani kwa DFP, watengenezaji wa magari huko Ufaransa, aliona kipistoni cha alumini kimewekwa mezani kama kizuizi cha karatasi. Akaagiza pistoni za alumini asilimia 88 na shaba asilimia 12, akazitia kwenye gari lake la mashindano. Zilikuwa nyepesi, tena zinaondoa joto upesi kichwani mwa pistoni, kwa hiyo aliweza kuongeza kompresheni, yaani kubana zaidi hewa na mafuta kabla ya kuwaka. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, ujuzi huo ukaingia kwenye injini za ndege.

Sasa ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni na kuziba mwanya wa silinda, na hapa ndipo penye utamu. Zamani pistoni za mvuke zilizibwa kwa katani. Katika miaka ya 1850 John Ramsbottom, mhandisi wa treni wa Uingereza, akaleta ringi ya chuma iliyokatwa, inayojitanua yenyewe. Wengi wanadhani kutanuka huko ndiko kunakoziba. Hapana, kunaanzisha tu. Mafuta yakiwaka, gesi inapenya nyuma ya ringi, ndani ya mfereji wake, inaisukuma ukutani. Mlipuko ukiwa mkali, ringi inabana zaidi. Presha ikishuka, inalegea na msuguano unapungua. Ndiyo maana ringi iliyogandishwa na masizi haifai hata ikiwa mpya: gesi haina pa kupita nyuma yake.

Model T ina ringi tatu, mbili juu ya pini inayoshika konrodi na moja chini, kwenye sketi, yaani sehemu ya chini ya pistoni. Hapa ndipo siipendi. Haina pampu ya oili. Flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye kranki, inarusha oili, bomba linaipeleka mbele, konrodi zinaichota na kuirusha silindani. Ringi ya oili ya vipande vitatu tuliyoizoea haikuwepo. Injini ikichoka kidogo tu, oili inaungua, moshi wa bluu.

Kwa gari la kutembea barabarani nafunga alumini, kwa ajili ya kranki ile. La maonyesho, libaki na chuma chake. Kabla ya kufunga, ingiza ringi peke yake silindani, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake. Silinda hii naiachia kama milimita 0.4. Ncha zikigusana injini ikiwa moto, ringi inavunjika au inachana ukuta. Na pistoni zote nne ziwe za aina moja, zipimwe kwenye mizani moja. Usichanganye alumini na chuma.