Uzoefu Wangu: Kusoma Uchumi wa Shahada ya Kwanza kwa Kitabu cha Bure cha CORE Econ

Nimekitumia The Economy, kitabu cha uchumi cha mradi wa CORE Econ, toleo la mwaka 2017, tangu nilipoanza shahada ya uchumi hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa kinasomwa bure mtandaoni, ilhali vitabu wanavyovitaja wahadhiri viko maktaba kwa nakala chache za kugombaniwa, sikuhitaji ushawishi mwingine ili nikijaribu.

Sura ya kwanza inaanza na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco (ambaye sisi wa pwani tunamfahamu kwa safari yake ya Kilwa ya mwaka 1331), akiisifia Bengal, iliyoko Bangladesh na India ya leo, kwa wingi wa mchele, kisha inauliza imekuwaje mataifa yakapishana kipato kiasi hiki. Mahitaji na ugavi huja baadaye sana.

Sura iliyonifaa kuliko zote ni ya 5, inayowahusu Angela, ambaye ni mkulima, na Bruno. Awali Bruno ana silaha, hivyo humnyang'anya Angela nafaka na kumwachia ya kumweka hai tu. Sheria inapoingia, Bruno anabaki kuwa mwenye shamba na Angela anapata haki ya kuukataa mkataba. Mchoro ni uleule, saa za mapumziko upande mmoja na nafaka upande mwingine, ila nukta ya mgawanyo husogea kila kanuni inapobadilika. Anayejua jinsi mashamba ya mpunga yanavyokodishwa kwa malipo ya magunia haoni ugeni wowote hapo. Mhadhiri wetu alipoifikia mada ya ufanisi wa Pareto, yaani hali ambayo huwezi kumnufaisha mmoja bila kumuumiza mwingine, nilikwisha kuelewa kwamba hata mgawanyo uliopatikana kwa mtutu unaweza kuitwa wenye ufanisi bila kuwa wa haki.

Sura ya 6 haikunikolea vivyo hivyo. Inaeleza kwamba mwajiri hulipa mshahara unaozidi kidogo kile ambacho mfanyakazi angekubali, ili aogope kuipoteza kazi. Hoja hiyo inaingia kiwandani na ofisini, lakini kwa machinga au mkulima aliyejiajiri haina pa kushika.

Michoro ya kubofya hatua kwa hatua inamaliza bando, na kwenye simu ndogo haisomeki vizuri. Kalkulasi nayo imetengwa katika viambatisho vinavyoitwa Leibniz, ambavyo ni rahisi kuvipita. Ninamshauri anayeanza avifanye vyote kwa kalamu na karatasi, kwa sababu mitihani yetu hutoka huko zaidi kuliko kwa Angela na Bruno.