Altezza imeshuka, mama amekaa nyuma mpaka Paje

Assalaamu alaykum jamaa zangu. Hii nyuma yangu ni ile ile Toyota Altezza mnayoijua, na kwenye injini sijagusa kitu. Kilichobadilika kiko chini ya matao ya magurudumu, na leo nakuonesheni chote.

Kwanza nikwambieni kwa nini. Mwaka jana tulikuwa tunakwenda Paje mazikoni, mimi kwenye usukani, mama na shangazi zangu wawili nyuma. Wakati ule gari ilikuwa imeshushwa kwa kukatwa springi, kazi niliyofanyiwa kwenye gereji moja hapa mjini Zanzibar. Tulipofika msitu wa Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe na gari, kila tuta tunalipanda kwa kishindo na tunalishuka kwa kishindo. Tuta la tatu mama akashika kiti changu akaniambia, "Nishushe hapa mwanangu, nitapanda daladala." Mama yangu ni mgonjwa wa mgongo. Sikumshusha, nikaenda kwa mwendo wa baiskeli mpaka tukafika, na sikusema neno njia nzima. Siku ile nikajiwekea sharti: nipate namna ya kuishusha gari ambayo mama anaweza kukaa nyuma, au irudi juu kama ilivyotoka Japan.

Sasa, wengi wenu mnaniuliza, "Kaka, shokapu gani laini kwa gari iliyolala?" Swali hilo ndilo linalotupoteza, na mimi lilinipoteza pia. Gari iliyoshushwa inaumiza kwa sababu shokapu yake haina pa kwenda. Tazameni hii mkononi mwangu, ni ya kiwandani. Fimbo hii inaingia na kutoka. Hapa juu kuna raba ya kugongea. Fimbo ikiingia mpaka mwisho wa nafasi yake, raba inaguswa, na kutoka hapo unachokisikia kwenye kiti si springi tena, ni bodi inapigwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Gari ikiwa juu, fimbo ina milimita 80 kabla ya kugusa raba. Ukakata springi gari ikashuka, zimebaki 40. Halafu hapa kwetu nani anakwenda shamba peke yake? Unampakia mama, unawapakia shangazi, kuna ndizi na nazi kwenye buti. Zimeondoka nyengine 20. Umebaki na milimita 20, na tuta la Jozani linakungoja.

Sasa chukua springi ya kilo 2 kwa kila milimita, yaani kila kilo 2 zinaibonyeza milimita moja. Ndani ya milimita 40 inabeba kilo 80 za nyongeza, kisha ni raba. Springi ya kilo 4, ndani ya milimita zile zile 40, inabeba kilo 160. Kwa hiyo kwenye gari iliyoshushwa springi ngumu kiasi ndiyo inayolinda mgongo, kwa sababu inakuzuia usifike kwenye raba. Ukiweka laini kwa kutafuta starehe, kila shimo unafika chini. Hili lilinichukua muda kulikubali, na naliona ndilo jambo kubwa kuliko jina lolote la kampuni nitakalolitaja leo.

Springi ya kukata ina ubaya mwengine pia. Ukiondoa mizunguko inaongezeka ugumu kidogo, lakini si kwa kiasi kinachotakiwa, na ncha yake haikai sawa kwenye kikombe, pale springi inapokalia. Ukiinua gari kwa jeki inalegea, hata inaweza kutoka pahala pake. Mimi niliikuta yangu imekaa upande. Watu wangu wamo ndani, na springi imekaa upande! Jamaa zangu, msikate springi. Nakuombeni sana.

Baada ya hapo nikajaribu springi fupi za dukani juu ya shokapu za kiwandani. Zilikuwa bora kuliko za kukata, hilo nakiri. Lakini shokapu ya kiwandani imetengenezwa kwa urefu wa kiwandani, ukiishusha inafanya kazi chini ya nafasi yake kila siku, na nguvu zake za kuituliza springi ni za springi laini. Springi mpya inapiga juu, shokapu haiwezi kuituliza, gari inarukaruka. Ukitaka kwenda njia hii, basi nunua na shokapu zilizotengenezwa kwa gari iliyoshushwa. KYB wana zao zinazoitwa Lowfer Sports, Bilstein wana B8 ambayo ni fupi makusudi. Springi yenye kushusha milimita 20 au 25 pamoja na shokapu ya namna hiyo inatosha kabisa kwa mtu asiyetaka kuchezea spana, na ningemshauri hivyo hata ndugu yangu wa tumbo moja.

Mimi nimechukua koilova, yaani shokapu na springi yake vimekuja pamoja, na urefu unaurekebisha kwa nyuzi. Hizi ni Tein Flex Z. Tein ni kampuni ya Yokohama, ipo tangu 1985. Nimeichagua hii kwa jambo moja kubwa, nalo nataka mlifahamu vizuri maana mafundi wengi wanalichanganya.

Kuna koilova ambazo unashusha gari kwa kuteremsha kikombe cha springi tu. Ukiteremsha, fimbo nayo inaingia ndani, nafasi inaliwa, umerudi kule kule. Na kuna hizi za kurekebisha urefu wote. Tazameni hapa chini: kuna kishikio cha peke yake, chenye nyuzi. Nakifungua hiki, bomba zima linaingia ndani zaidi ya kishikio, gari inashuka, lakini springi na fimbo viko vile vile. Nafasi ya shokapu haijapungua. Kinachopungua ni nafasi baina ya tairi na tao la bodi, kwa hiyo usiteremshe mpaka tairi linakwangua. Ukinunua koilova kwa ajili ya starehe, uliza hili kabla ya kuuliza bei.

Ndani ni bomba ndani ya bomba, yaani mafuta yana chumba cha pembeni cha kukimbilia. Aina nyengine, kama BC Racing BR ya Taiwan, ni bomba moja, na ina hatua 30 za ugumu. Bomba moja linajibu haraka na linapoza joto vizuri, zuri kwa mtu wa kona na mbio. Kwa mama na matuta, moyo wangu uko kwenye bomba mbili. Flex Z ina hatua 16, unazungusha kinobu hiki juu, unahesabu kutoka ngumu kabisa. Imefungwa moja kwa moja, haifunguliwi kutiwa mafuta upya. Ikichoka unanunua moja ile iliyochoka.

Haya, njiani. Nilianza na hatua ya 16, laini kuliko zote, nikidhani nimemaliza kazi. Njia ya Tunguu lami ni safi, gari kama mkeka. Jozani, tuta la kwanza: tumepanda vizuri, tumeshuka, na gari ikaendelea kunesa mara mbili, mara tatu. Mama hakulalamika mgongo, alilalamika kichefuchefu. Nikasimama pembeni, nikapeleka 6. Kunesa kumekwisha, lakini sasa kila kokoto la njia ya ndani kule Paje linanigonga matakoni. Tumerudi mjini, nikaenda Jang'ombe kwenye vichochoro, nikabadilisha na kubadilisha wiki mbili nzima. Nimeishia mbele 11, nyuma 9. Nyuma nimekaza zaidi kwa sababu ndiko wanakokaa watu. Ukiwa unaendesha peke yako siku zote, hesabu yako itakuwa nyengine.

Na urefu? Nimeshusha milimita 30 tu, na nimepima gari ikiwa na watu wanne ndani. Hili silioni kwa wengi. Mtu anapima gari tupu, anapiga picha, kisha Ijumaa anapakia familia nzima. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, mama amekaa nyuma, hapo ndipo uamue. Usihesabu nyuzi za koilova, kwani kwenye Altezza mikono ya magurudumu inaisogeza shokapu kidogo kuliko gurudumu lenyewe linavyosogea. Vijana wa Michenzani wananiambia bado haijalala. Iko pale ninapoitaka.

Tairi nazo zimo. Altezza RS200 kama hii ilitoka kiwandani na 215/45 ya rimu 17, yaani upana milimita 215, na mpira wa pembeni ni asilimia 45 ya upana huo. Mpira wa pembeni hapo ni kama milimita 97. Wengi wanaweka 18 na 215/35, mpira umebaki 75. Mimi nimerudi 16, na 205/55. Mpira ni milimita 113, na tairi zima kwa urefu linakaribia lile la kiwandani, halijapita hata sentimita moja. Nimeongeza milimita 16 za mpira kila upande bila ya kuinua gari kwa jicho. Kwa kila shilingi niliyotumia, hii ndiyo iliyonipa starehe nyingi kuliko zote, na rimu 16 za mtumba zinapatikana.

Sasa jambo la fundi, nisikilizeni vizuri. Bushi za mikono ya Altezza, pale mikono ya magurudumu inapofungwa kwenye bodi, ni mpira ulioshikana na chuma. Fundi akikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bushi inakazwa katika hali hiyo. Ukishusha gari chini, mpira umesokotwa, na utabaki umesokotwa siku zote: gari inakuwa ngumu bila ya sababu, na bushi zinachanika mapema. Bolti za mikono zifungwe mwisho, uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Mimi nilirudia kazi hii nikiwa nimelala chini mwenyewe, na tofauti niliisikia siku ile ile. Baada ya hapo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, lazima, pamoja na taa za mbele, maana gari ikishuka mwanga nao unahama.

Kwa wanaonunua za mtumba zinazokuja kwenye makontena: ishike shokapu wima, sukuma fimbo mpaka chini, iachie. Yenye gesi itapanda yenyewe, aste aste, bila ya kukwama. Pitisha kucha kwenye fimbo. Ukisikia kutu au mkwaruzo, iache, itakata sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke. Ikiwa na mafuta chini ya sili, iache pia. Zungusha kinobu, kila hatua isikike. Na jaribu kufungua zile pete za nyuzi kabla hujatoa pesa.

Pete hizo kwetu zina adui mmoja, chumvi. Upepo wa bahari unafika kila pahala kisiwani. Flex Z imepakwa rangi ya unga ya kuzuia kutu, lakini mchanga na chumvi kwenye nyuzi havijali rangi. Nikirudi pwani naosha chini kwa maji baridi ya mfereji, nyuzi nazisugua kwa brashi ya meno, nazipaka grisi nyepesi. Kila baada ya miezi mitatu nazifungua mzunguko mmoja na kuzirudisha, ili zisigande. Kabla ya masika nafanya hivyo hata kama muda haujafika.

Jumapili iliyopita tulikwenda tena Paje. Mama yule yule, kiti kile kile, shangazi mmoja safari hii. Matuta ya Jozani nimeyapita kwa mwendo wa kilomita 20, gari imepanda, imeshuka, imetulia. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa anaangalia kima juu ya mti, anamwonesha shangazi.

Wenye Toyota Mark X mmeniandikia wengi. Nimeazimwa moja ya rafiki yangu, wiki ijayo tunaifungua pale pale gereji. Sasa naiteremsha gari kwenye jeki, nina bolti nne za kukaza. Wassalaam.